Paka wa ndani amebadilika ghafla: uanze kukagua wapi

Nakaa Uyole, Mbeya, vyumba viwili vya kupanga, na paka dume anayeitwa Bosi. Bosi hatoki nje. Barabarani malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana, majirani wanatega sumu ya panya, nyumba ya tatu ina mbwa wasiofungwa, halafu kuna maneno ya watu. Mtaani kwetu paka akionekana juu ya bati saa nane za usiku, kesho yake kuna mtu ataulizwa alimtuma kwa nani. Na Bosi ni mweusi tii.

Paka wa nje hujichagulia pa kujisaidia, hulifuata jua linakohamia, huwinda, huchoka, hulala. Ukimfungia ndani, hayo yote yamehamia kwako. Ndiyo maana akianza vituko mimi sisemi kwanza kwamba ana tabia mbaya. Nakagua beseni lake, sahani yake, maji yake na mahali anapolala, kisha ndipo namgeukia yeye. Iko dalili moja ambayo haina muda wa kukagua nyumba. Naianza hiyo.

Dume anachuchumaa kwenye mchanga, mkojo hautoki

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, baridi ya Uyole imeshika kwelikweli. Tangu alfajiri Bosi alikuwa anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anatulia, anatoka, anajilamba chini, anarudi. Mara ya tano akatoa sauti nzito ya chini kwa chini ambayo sikuwahi kuisikia. Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mnyama mbona analia kama mtoto?"

"Naona amefunga choo, mama."

"Basi mpe mafuta ya alizeti kijiko kimoja. Jioni utaona."

Nikampa. Jioni niliona kweli: ametapika mara mbili, amejikunja chini ya kitanda, na nilipompapasa tumbo kwa chini nikakuta kitu kigumu cha mviringo, kama ndimu kubwa. Daktari wa mifugo niliyempata, ambaye siku nyingi hushinda na ng'ombe wa maziwa, aliuliza swali moja: "Amekojoa mara ya mwisho lini?" Sikuwa na jibu. Kumbe kilichofunga hakikuwa choo. Alimpa dawa ya usingizi, akamwekea mpira mwembamba wa mkojo, na Bosi alikaa kwake siku mbili.

Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, hasa karibu na mwisho wake. Ute ukichanganyika na chembechembe za fuwele zinazotokea kwenye mkojo mzito, inaziba kama mrija wa soda ulioingia punje ya mchele. Mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unasimama. Kutoka kuziba mpaka kufa inaweza kuwa siku moja au mbili. Kwa hiyo usisubiri Jumatatu, na usisubiri kupambazuke kama unaweza kumpata daktari usiku.

Jinsi ya kutofautisha na choo kigumu: fukua mchanga. Mkojo huacha donge la unyevu, na ukizoea kusafisha kila siku utajua ni madonge mangapi ya kawaida yake. Bosi huacha mawili au matatu kwa siku. Kama mchanga ni mkavu na paka ameingia mara sita, jibu umeshalipata. Matone machache yenye damu nayo ni safari ya daktari. Papasa tumbo taratibu kwa vidole, usiminye kabisa, maana kibofu kilichojaa hupasuka.

Usimpe mafuta mdomoni kama nilivyofanya mimi. Hayafiki kwenye kibofu, na paka anayehangaika anaweza kuyavuta mapafuni. Na usimpe panadol, hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama la binadamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Diclofenac, dawa nyingine ya maumivu, nayo iache kwenye kabati lako.

Jike naye huvimba kibofu na kukojoa kwa maumivu, ila kuziba kabisa ni nadra kwake.

Bosi aliporudi ndipo nilipoanza kuikagua nyumba, na nikakuta karibu kila kitu nilikuwa nimekikosea. Alikuwa anakula usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka soko la Mwanjelwa, naumwaga kwenye sahani kama ulivyotoka kwenye mfuko. Maji yake yalikuwa kwenye bakuli dogo kando ya chakula, na asubuhi za Julai yalikuwa baridi kiasi kwamba hata mimi nisingeyanywa. Na mchanga nilikuwa nabadilisha nikikumbuka. Paka ana asili ya jangwani, hasikii kiu upesi. Kwa siku anahitaji kama mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake, ikijumuisha yaliyomo kwenye chakula. Paka wa kilo nne ni mililita 200, pungufu ya glasi. Nyama au samaki mbichi karibu robo tatu ni maji, na panya ni hivyo hivyo. Usipa mkavu, au chakula cha paka cha punje kavu, maji yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Anayekula kikavu lazima anywe pengo lote hilo bakulini, na wengi hawanywi.

Siku hizi usipa nauosha kupunguza chumvi, nauloweka, nauchemsha, na nampa pamoja na supu yake. Maji yapo sehemu tatu, kwenye mabakuli mapana ili masharubu yasiguse ukingo, mbali na chakula na mbali kabisa na beseni la haja. Kipindi cha baridi naongeza maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Anakuja mwenyewe, anakunywa huku amefumba macho.

Anakojoa kitandani, kwenye ndoo ya nguo, kwenye kona ya sebule

Kama anakojoa vizuri lakini pasipotakiwa, tulia. Kwanza angalia anavyosimama. Akichuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni au kitandani, anatafuta choo. Akisimama wima, mkia juu unatetemeka, na mkojo ukarukia ukutani kwa nyuma, huyo anaweka alama ya mipaka. Ni mambo mawili tofauti na tiba yake si moja.

Anayeweka alama mara nyingi ni dume asiyehasiwa, au paka yeyote anayemwona mwenzake dirishani. Kuhasi hupunguza tatizo kwa madume walio wengi, na ukiwahi kabla tabia haijakolea ni bora zaidi. Mengine ni pazia: ziba sehemu ya chini ya dirisha ambako paka wa mtaa anakuja kumchokoza.

Anayetafuta choo anakwambia beseni lake lina kasoro. Hapa nimeona makosa yakijirudia kwa kila rafiki aliyeniuliza.

Uchafu ndio wa kwanza. Ukikuta harufu wewe, yeye aliikuta juzi. Toa madonge kila siku, osha beseni lote kila wiki. Kwa kuoshea tumia sabuni ya unga na maji ya moto, kisha lianike juani. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiichanganya na maji usiitumie kabisa. Ni sumu kwa paka, anaikanyaga kisha anajilamba miguu. Dawa ya kung'arishia nguo nayo ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua, wako na wake.

Kitu ulichoweka ndani yake ndicho cha pili. Mchanga laini wa mtoni unafaa sana, chekecha kokoto. Sisi wa nyanda za juu tuna bahati ya mbao, kuanzia Mafinga mpaka Njombe, na maranda kwa fundi seremala unaweza kuyapata kwa bei ya salamu. Chukua maranda, yale magamba yanayotoka kwenye randa, na uache vumbi la msumeno, maana linapaa na kumfanya apige chafya. Pumba za mpunga zinatumika, ila ni nyepesi na utazikuta mpaka kwenye sufuria. Majivu usiweke. Najua chooni tunayatumia na yanaua harufu vizuri, lakini majivu yakilowa yanachoma nyayo na ulimi. Kina cha sentimita tano hivi kinatosha kufukia. Ukitaka kubadilisha aina, changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Mahali na ukubwa. Beseni la kufulia lenye ukingo mfupi ni zuri kuliko visanduku vidogo, kwa sababu paka anatakiwa ageuke ndani yake bila mkia kugonga ukingo. Usiliweke karibu na jiko la gesi linalowaka kwa kishindo, wala nyuma ya mlango unaombamiza. Rafiki yangu wa Soweto ya hapa Mbeya alihamisha beseni kutoka chini ya ngazi kwenda kwenye kona ya chumba cha wageni, na kitanda chake kikapona siku hiyo hiyo. Ukiwa na paka wawili, weka mabeseni matatu, na yasiwe yote chumba kimoja. Yakipangwa pamoja, paka mkorofi anakaa mlangoni na kuyalinda yote.

Palipokojolewa osha kwa sabuni, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji. Harufu isipoisha atarudi. Na usimsugue pua kwenye mkojo wake, tafadhali. Hajui unamwadhibu kwa nini. Anajifunza tu kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa, na kesho atakojoa nyuma ya kabati.

Amejikunja siku nzima, hachezi, anang'ang'ania jikoni

Juni na Julai, kabla hujafikiria ugonjwa, shika masikio na nyayo zake. Sisi tunaona nyuzi joto 20 ni raha. Paka raha yake inaanzia kama 30, ndiyo maana anaganda juu ya redio iliyowaka. Sakafu ya saruji ya Mbeya alfajiri ya Julai, wakati kule Makete sakitu, yaani umande ulioganda, imeshakaa juu ya majani, kwake ni adhabu.

Mwinue kutoka sakafuni. Katoni juu ya stuli, ndani yake blanketi kuukuu au sweta lako ambalo hujalifua, mlango wa katoni umegeuzwa ukutani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo inampeleka mpaka usiku wa manane. Mchana mfungulie pazia la upande jua linakoingia. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma mwekee kitu cha kupandia, asilazimike kuruka.

Kuhusu jiko la mkaa nitasema kwa nguvu. Kuliingiza chumbani na kufunga madirisha kunaua watu kila msimu wa baridi, na paka analala chini, karibu kabisa na jiko. Ukiona amelewa, anayumba, anapumua ovyo, kamata paka na watoto mtoke nje kwanza, maelezo baadaye.

Chafya, kikohozi, kifua

Chafya mbili tatu wakati wa kufagia ni vumbi. Chafya za mfululizo pamoja na macho yenye tongotongo na pua inayochuruzika ni mafua ya paka, ambayo mara nyingi ni virusi. Hayamwambukizi mtu. Futa pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mpe chakula chenye harufu kali kilichopashwa, maana asiponusa hali. Vidonda mdomoni, makamasi ya kijani au kutokula vinampeleka kwa daktari.

Kikohozi ni kingine. Paka anayechuchumaa, shingo ameinyoosha mbele, anakohoa kama anataka kutapika lakini hakitoki kitu, wengi husema manyoya yamemkwama. Ikijirudia kila wiki, fikiria pumu. Moshi wa mkaa na kuni, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma na manukato ya kupuliza vyote vinaichochea. Jaribio langu ni rahisi: hamishia upishi wa mkaa barazani wiki mbili na uone. Akilala fofofo hesabu pumzi. Chini ya 30 kwa dakika ni salama. Akipumua huku mdomo wazi bila kuwa ametoka kukimbia, hiyo ni dharura kama ile ya kwanza.

Amesusa chakula

Paka kususa mlo mmoja ni kiburi. Kususa siku nzima ni swali, na siku mbili ni hatari, hasa kwa mnene. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo, yanajaa kwenye ini, na ini linagoma. Mbwa anaweza kufunga siku tatu akaendelea na maisha, paka usimjaribu.

Angalia mdomo. Fizi nyekundu, mate yanayodondoka, kutafuna upande mmoja: meno. Fizi nyeupe ni jambo zito zaidi, inaweza kuwa damu imepungua kwa minyoo au viroboto kwa watoto, au ni sumu ya panya. Paka wa ndani naye anaipata, kwa sababu panya mwenye sumu tumboni anaingia ndani kufa, tena anakimbia polepole, mawindo rahisi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili hutokea siku kadhaa baadaye. Ipo tiba, vitamini K, ikiwahiwa. Beba pakiti ya sumu kama jirani anakubali kuitoa.

Wakati mwingine amesusa kwa sababu chakula chenyewe hakifai. Ugali uliolowekwa mchuzi unamshibisha lakini haumjengi. Paka ni mla nyama hasa. Anahitaji kirutubisho kinachoitwa taurini, na taurini iko kwenye nyama, moyo, samaki na panya, haiko kwenye mahindi. Akiikosa muda mrefu, macho yanapofuka na moyo unadhoofika. Ukichemsha nyama, usimwage supu, taurini inabaki humo. Moyo wa ng'ombe, firigisi, vichwa na shingo za kuku zilizosagwa na usipa uliolowekwa vinamtosha mtu wa kipato cha kawaida, na ugali ukiwepo uwe kidogo wa kujazia. Maini mara moja kwa wiki, maana yakizidi vitamini A inaharibu mifupa. Samaki wa mafuta kila siku peke yake pia si sawa. Usimpe mifupa iliyopikwa wala mabaki yenye vitunguu.

Kutapika na kuharisha

Akitapika manyoya yaliyosokotana kama kidole mara moja moja, mchane zaidi. Akitapika chakula kizima dakika mbili baada ya kula, anakula kwa pupa. Kitandaze kwenye sinia.

Akiharisha, swali la kwanza ni maziwa. Tumelelewa tukiamini paka na maziwa ni chanda na pete, lakini paka mkubwa kwa kawaida hameng'enyi sukari ya maziwa. Acha maziwa siku tatu na uone. La pili ni minyoo. Ukiona vipande kama punje za mchele chini ya mkia au kwenye matandiko, ni tegu, na tegu huyo mara nyingi huletwa na viroboto, kwa hiyo kutibu minyoo bila viroboto ni kuchota maji kwa pakacha.

Kuharisha damu pamoja na kutapika na homa kwa mtoto wa paka asiyechanjwa ni jambo la saa, si la siku.

Angalia na maua. Yungiyungi, yale makubwa yenye poleni ya rangi ya machungwa yanayoletwa kutoka harusini, yanaua figo za paka. Inatosha ajilambe poleni iliyomdondokea, au anywe maji ya chombo. Nyumba yenye paka haiingizi ua hilo.

Na uzi. Nyumba ya fundi cherehani na paka zinahitaji makubaliano. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mwisho mwingine unaweza kuwa umefungamana huko ndani, na kuvuta kunakata utumbo. Funika, beba, nenda.

Makelele ya usiku

Jike anayelia kwa sauti ya kukata roho, anajigaragaza, anainua makalio ukimshika mgongo, haumwi. Anatafuta dume. Anaweza kuanza akiwa na miezi minne tu, na asipopandwa hali hiyo hurudi kila wiki mbili tatu. Kufungwa kizazi kunamaliza. Ukichelewa, mimba yake ni siku 63 hadi 65 na utatafuta wa kuwagawia watoto.

Kwa aliyefungwa kizazi, kelele za saa kumi alfajiri ni uchovu wa kukosa kazi. Amelala mchana kutwa wakati wewe uko kazini, sasa ndiyo zamu yake. Dawa ni kumchezesha dakika 15 kabla hujalala, kisha kumlisha mlo mkubwa. Anawinda, anakula, anajiramba, analala. Na asubuhi ukiamka kwa kelele usimpe chakula hapo hapo, utakuwa umemfundisha wimbo. Paka mzee anayeanza kulia usiku huku anakunywa sana au anakonda apimwe figo na tezi ya shingoni.

Makochi na miguu ya wageni

Kukwangua hakuachi, kwa hiyo mpe pake. Mimi nilichukua kipande cha nguzo ya mti, nikakizungushia kamba ya katani, nikakipigilia kwenye ubao mzito. Kiwe kirefu kiasi cha kujinyoosha mzima, sentimita 80 au zaidi, na kisiyumbe. Kikiyumba mara moja hatakirudia. Kiweke palepale mbele ya kochi analolipenda, si stoo. Gunia la katani lililopigiliwa ukutani nalo linakubalika.

Anayevizia miguu anawinda kwa kukosa panya. Msimchezeshe kwa vidole. Kamba ya kiatu iliyofungwa karatasi, ikipita nyuma ya mlango kama mjusi, inamtoa jasho. Ukimaliza ifungie kabatini. Mfichie vipande vya usipa kwenye trei ya mayai tupu avitafute. Na mpe juu: rafu tupu au kabati karibu na dirisha lenye wavu imara, achungulie kunguru. Bosi ana kunguru wake mmoja, wanatukanana kila asubuhi.

Anajikuna

Mchane juu ya karatasi nyeupe, kisha tia matone ya maji kwenye uchafu mweusi ulioanguka. Ukigeuka mwekundu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Paka wa ndani anavipata kutoka kwenye suruali yako. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia mianya ya sakafu, rudia kila wiki, kwa sababu walio wengi wako sakafuni kama mayai na viluwiluwi.

Dawa ndiyo mtego. Dukani utapewa dawa ya kuogeshea ng'ombe "uipunguze kidogo", au ya mbwa. Nyingi ya hizo zina viuatilifu vya jamii ya permethrin, au amitraz, na paka ananyong'onyea, anatetemeka, anadegedeka, anakufa. Mafuta ya taa yanachoma ngozi na mapafu. Nunua iliyoandikwa paka kwenye lebo, kwa uzito wake, au chana kwa chanuo la meno ya karibu karibu na maji ya sabuni mpaka uipate.

Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, hasa kama mtoto wako naye ameota mashilingi mkononi, ni fangasi. Mtibiwe wote. Akijilamba tumbo mpaka likawa kipara na hakuna kiroboto wala baka, rudi kwenye maumivu ya kibofu, halafu kwenye upweke.

Safari ya kwa daktari

Wataalamu wengi huku kwetu wamezoea ng'ombe na kuku. Uliza kwanza kwa simu kama anatibu paka na kama ana mpira wa mkojo wa saizi yake; uliza leo, kabla hujauhitaji. Chanjo ya kichaa cha mbwa paka wa ndani pia anahitaji, kuanzia miezi mitatu na kurudia kama daktari atakavyokupangia. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kunakuwa na kampeni, muulize afisa mifugo wa kata. Paka akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali.

Mama mjamzito asisafishe beseni, afanye mwingine, na lisafishwe kila siku; vijidudu vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, vinahitaji angalau siku nzima kwenye kinyesi kabla havijaweza kuambukiza.

Tenga la kuku ndilo gari la Bosi. Linakaa wazi sebuleni mwaka mzima, ndani kuna sweta langu la zamani, na siku nyingi analala humo kwa hiari yake, kwa hiyo siku ya dharura hakuna kukimbizana chini ya kitanda. Nafunga mdomo wa tenga kwa kamba, nafunika lote kwa kanga mbili ili upepo wa bodaboda usimpige na asiyaone malori. Mfukoni naweka karatasi yenye mambo manne: alikula lini, alikunywa, alikojoa mara ngapi tangu jana, na choo kilikuwaje.